Je, wajua kwa nini supagluu haigandi ndani ya kichupa chake?

Juzi nilikuwa Mwembe Tayari kwa fundi wa viatu, kubadhi langu moja limeachia soli, na nimefuatana na mtoto wa ndugu yangu, ana miaka tisa huyo na maswali yake hayana breki. Fundi akatoa kile kichupa kidogo cha supagluu, akatia matone mawili matatu, akabana kwa dole gumba, tukahesabu mpaka kumi na tano hivi, kwisha kazi. Mtoto katazama weee, alafu akaniuliza, "Ami, mbona hii gundi inashika kila kitu lakini haijishiki yenyewe humo ndani ya chupa?"

Mi kimya. Fundi naye kanyamaza, alafu akacheka, akasema miaka yote anaitumia na hilo suala halijampitia kichwani hata siku moja.

Nikarudi nyumbani nikatafuta. Kumbe tulikuwa tunalifikiria mbele nyuma. Gundi za kawaida, kama ile nyeupe ya mafundi seremala, ina maji ndani yake, yale maji yakikauka ndo inabaki ngumu. Supagluu ni kinyume kabisa, yenyewe haikauki, yenyewe inataka maji. Ndani yake mna kemikali inaitwa sayanoakrileti, na molekuli zake zikiguswa na unyevu kidogo tu zinaanza kushikana mikono moja baada ya nyengine, mnyororo mrefu, na ndo unakuwa plastiki ngumu hapo hapo. Na unyevu uko kila mahali, juu ya ngozi ya kiatu, juu ya kikombe kilichovunjika, juu ya vidole vyako ndo usiseme, maana vina jasho, ndo maana inashika vidole haraka kuliko hata kile kitu ulichotaka kukigandisha (ikikushika usivute, maji ya moto na sabuni taratibu, au ile asetoni ya kutolea rangi ya kucha). Ndani ya kichupa hakuna unyevu, na wenye kuitengeneza hutia asidi kidogo sana ya kuizuia isianze. Sasa sisi watu wa Mombasa na joto letu hili la jasho, hewa yenyewe ni maji matupu, ukiacha kifuniko wazi jioni, asubuhi una jiwe. Ukitaka ikae muda iweke kwenye friji imefungwa sawasawa, na ukiitoa ingoje kwanza ipoteze ubaridi ndo uifungue, la sivyo umande utaingia. Na tafadhali isimwagike kwenye pamba au kanga, inashika moto wa ghafla na yaweza kukuunguza kweli, hilo si mzaha.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni vile ilivyopatikana, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa akiitafuta.

Mwaka 1942, vita vya pili vya dunia vimepamba moto, mkemia wa Marekani jina lake Harry Coover alikuwa kampuni ya Kodak, ile ya kamera, na yeye na wenzake walikuwa wanatafuta plastiki safi kama kioo ya kutengenezea vifaa vya kulengea shabaha kwenye bunduki. Wakajaribu hizi sayanoakrileti. Balaa! Kila wanachokigusa kinanata, wakaona ni upuuzi huu, wakaitupa kando wakaendelea na mengine. Miaka tisa ikapita. Mwaka 1951 Coover yuko Tennessee, safari hii wanatafuta plastiki ya kuhimili joto kwa vioo vya ndege za jeti, na mwenzake Fred Joyner akapaka kemikali ile ile baina ya vioo viwili vya mashine ya kupimia jinsi mwanga unavyopinda. Alipomaliza kupima, vioo havibanduki. Mashine yenyewe ghali, imeharibika, unaweza kudhania yule mtu tumbo limemkata siku hiyo. Coover ndo hapo akafunguka macho, kwamba hii si kasoro, hii ni gundi. Ikaingia sokoni mwaka 1958, na yeye mwenyewe akaenda kwenye televisheni kuionyesha, tone moja likanyanyua mtu mzima. Mwaka 2010 Obama wetu akamvisha nishani Ikulu ya Marekani, mwaka uliofuata mzee akafariki.

Sasa angalia hapo. Kemikali ni ile ile, bahati ni ile ile, mtu ni yule yule. 1942 bahati ilipiga hodi wakaifukuza, 1951 ndo ikafunguliwa. Mi nikisikia watu wanasema "aligundua kwa bahati tu" nilikuwa naelewa ni kama mtu kuokota shilingi njiani. Sivyo. Mara nyingi ile shilingi ilikuwa hapo siku zote na watu wanaikanyaga.

Na si hiyo tu, gundi hiyo hiyo ikaleta bahati nyengine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Japani, mtaalamu wa maabara ya polisi alikuwa akigandisha nywele kwenye vioo vya hadubini kwa supagluu, akaona kwenye kioo alama za vidole vyake mwenyewe zimetokeza nyeupe pee. Mvuke wa gundi hushika pale penye jasho na mafuta ya kidole. Mpaka leo polisi duniani hufukiza vitu kwa mvuke wa supagluu kutafuta alama za vidole vya wezi.

Fleming na ukungu wake wa penisilini, London 1928, hiyo ushaisoma shuleni, naipita. Maikrowevu nayo nitaigusa tu: Percy Spencer, fundi wa mitambo ya rada huko Marekani, mtu ambaye shule aliiacha mdogo kabisa, mwaka 1945 alisimama mbele ya mtambo na peremende ya chokoleti mfukoni, ikayeyuka. Inasemwa si yeye wa kwanza kuhisi joto la mitambo ile, lakini yeye ndo aliyekwenda kuleta mbegu za bisi akaziweka mbele yake, zikapasuka, alafu yai, likamrukia mtu usoni. Na kwa kuwa tuko hapa, mbona sambusa ya jana ukiitia kwenye maikrowevu inakuwa laini kama kitambaa? Kwa sababu mawimbi yale huchezesha zaidi maji yaliyomo ndani ya chakula, hewa ya mle ndani haipati moto kama ya ovena, basi mvuke unatoka kwenye nyama unakuja kutua kwenye manda, manda inalowa. Sambusa irudishe kwenye kikaango, achana na maajabu ya 1945.

Twende kwa wakubwa sasa, madainosari, na hii ni ya jirani zetu. Mwaka 1906, Tanganyika ikiwa chini ya Wajerumani na Vita vya Maji Maji havijaisha, mhandisi wa migodi Bernhard Sattler alikuwa Tendaguru, bara ya Lindi, akakuta mifupa mikubwa ajabu imetokeza kwenye ardhi pale njiani. Njiani! Yani hapakuchimbwa kitu, mvua na upepo vilishafanya kazi yote. Akaandika ripoti, na kutoka 1909 mpaka 1913 makumbusho ya Berlin wakaja kuchimba, mamia ya vibarua, wakatoa kama tani 250 hivi za mifupa na mawe yake, na zikabebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi kwa miguu. Yule mkubwa kuliko wote, ambaye siku hizi anaitwa Giraffatitan, amesimamishwa Berlin toka 1937, urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13, jumba la ghorofa nne hilo, na umri wake kama miaka milioni 150. Jina lake la pili, brancai, limetokana na jina la mkurugenzi wa makumbusho, Branca, aliyekaa zake Berlin. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, mtu aliyekuwa akiijua mifupa ile kwa kuishika, alingoja mpaka 2007 ndo dainosari mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii. Nasema tu.

Mtoto nilipomhadithia haya akasema sawa, lakini hao wamekufa, mi nataka aliye hai. Basi nikampa hadithi ya samaki.

Wanasayansi walikuwa wanamjua silikanti kutoka kwenye mawe tu, wakahesabu ametoweka pamoja na madainosari, miaka milioni 66 nyuma. Tarehe 22 Desemba 1938, mji wa East London huko Afrika Kusini, mwanamke wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, akaitwa bandarini kutazama samaki wa meli ya uvuvi. Chini ya lundo akaona pezi la buluu. Samaki mita moja na nusu, mapezi manene kama vigimbi vya miguu. Dereva wa teksi mwanzo akakataa kumpakia kwa sababu ya harufu, mochwari wakakataa kumuweka, na mtaalamu wa samaki aliyemwandikia barua, J.L.B. Smith, yuko likizo na ni msimu wa Krismasi. Ikabidi atolewe matumbo akaushwe. Smith alipokuja kumuona, Februari, ni ngozi na kichwa tu.

Akamtafuta wa pili miaka kumi na minne. Akachapisha matangazo, picha ya samaki na zawadi ya pauni 100, yakatapakaa mpaka visiwani. Desemba 1952 akapatikana Nzuwani, kwa ndugu zetu wa Komoro, kavuliwa na mvuvi Ahamadi Abdallah, na alikuwa ashafikishwa sokoni kukatwa ndo mtu akakumbuka lile tangazo. Smith akaletewa ndege ya jeshi kuja kumchukua, na alipomuona akalia.

Wavuvi wa kule wakashangaa anachokililia. Wao walikuwa wanamjua siku zote, wana na jina lake, gombessa, hunasa mmoja mmoja usiku kwenye maji ya kina. Na si wao peke yao wenye bahari yake, mwaka 2001 meli moja ilimvua bahari ya Malindi hapa kwetu, na toka 2003 majarife ya papa huko Tanzania yamenasa wengi tu.

"Wakimla?" akaniuliza mtoto.

Si sana, nyama yake ni mafuta mafuta, yaendesha tumbo. Ila magamba yake makavu ni makali kama msasa, na huko Komoro inasimuliwa walikuwa wakiyatumia kukwaruza tyubu ya baiskeli iliyotoboka kabla ya kubandika kiraka, ndo gundi ishike.