Je, wajua kwa nini rubani wa ndege ya kukodi hupenda kuondoka Dodoma asubuhi?

Mtu anayekodi ndege ndogo hulipia, pamoja na mambo mengine, uhuru wa kuondoka saa anayoitaka mwenyewe. Ndiyo maana hushangaa anapoambiwa kwamba safari yake ya kutoka Dodoma kwenda Ruaha ni vyema ianze saa moja asubuhi, na kwamba akishikilia kuondoka saa nane mchana itambidi aache sehemu ya mizigo, au mwenzake mmoja abaki. Ndege ni ileile, rubani ni yuleyule na hakuna kilichoharibika. Wapo wanaodhani kuwa huo ni ujanja wa kampuni wa kutaka kuuza safari mbili, na wapo wanaodhani rubani anataka tu kuwahi nyumbani. Sababu yenyewe imo katika hewa, na rubani huikokotoa kwa namba kila siku kabla ya kuwasha injini.

Uwanja wa ndege wa Dodoma upo katika mwinuko wa takriban futi 3,670 kutoka usawa wa bahari, yaani kama mita 1,120. Uwanja wa Julius Nyerere wa Dar es Salaam haufiki hata futi 200. Kadiri unavyopanda juu, hewa hupungua uzito, kwa sababu kuna hewa kidogo zaidi juu yake ya kuigandamiza. Joto nalo hufanya kazi hiyohiyo, kwa kuwa hewa iliyopashwa moto hutanuka, na mita moja ya ujazo inabaki na hewa kidogo kuliko ilivyokuwa alfajiri. Dodoma ina mambo hayo mawili kwa pamoja: uwanda wa juu na jua kali, hasa Oktoba na Novemba kabla ya mvua, ambapo joto la mchana hufika nyuzi 31 hivi.

Wahandisi wa ndege wamejiwekea hewa ya kipimo ili namba za vitabu vyote zilingane: nyuzi 15 za Selsiasi usawa wa bahari, na joto linapungua kwa nyuzi 2 hivi kila unapopanda futi 1,000. Kwa kipimo hicho, Dodoma ingepaswa kuwa na nyuzi 8 hivi. Kila nyuzi moja inayozidi hapo huhesabiwa kama kuupandisha uwanja kwa futi 120. Sasa tukokotoe. Saa moja asubuhi joto likiwa nyuzi 17, ziada ni nyuzi 9, na ndege itajiona kana kwamba inaruka kutoka futi 4,750. Saa nane mchana joto likiwa nyuzi 30, ziada ni nyuzi 22, na ndege itajiona ipo futi 6,300, sawa na mita 1,900 na ushei. Ni kama vile uwanja wa Dodoma umeng'olewa kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, ukapandishwa hadi karibu na kimo cha mji wa Njombe.

Hewa nyepesi huidhoofisha ndege mahali patatu kwa wakati mmoja. Bawa hupata unyanyuo kutokana na hewa linayoisukuma chini, kwa hiyo hewa ikipungua, bawa lazima liende kasi zaidi ili kuinua uzito uleule. Pangaboi nalo huvuta ndege kwa kuirusha hewa nyuma, na likipata hewa haba huvuta kidogo. Tatu ni injini, ambayo huchoma mafuta ndani ya hewa iliyobanwa: hewa ikiwa tayari ni ya moto inapoingia, injini huufikia mapema ukomo wa joto lake la ndani, na rubani hawezi kusukuma mkono wa nguvu zaidi ya hapo bila kuiumiza. Unyevu huongeza tatizo kidogo, kwa kuwa mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, lakini kwa sehemu kubwa ya mwaka Dodoma hakuna wa kuulalamikia unyevu.

Jambo linalowapotosha wengi, hata wanafunzi wa urubani, ni kwamba kipimo cha kasi ndani ya ndege hakionyeshi tofauti yoyote. Tuseme rubani wa Cessna Caravan, ndege ya injini moja ambayo imezoeleka sana katika viwanja vya vumbi vya Tanzania, anainua pua ya ndege sindano inaposoma noti 70, yaani kama kilomita 130 kwa saa. Atafanya hivyo Dar es Salaam, atafanya hivyo Dodoma, asubuhi na mchana. Lakini kipimo hicho husoma msukumo wa hewa, na hewa ikiwa nyepesi inabidi ndege ikimbie zaidi ndipo msukumo uwe uleule. Katika hali ile ya futi 6,300, noti 70 za kwenye kipimo ni noti 77 hivi ardhini pasipokuwa na upepo, na hiyo ni asilimia 10 zaidi. Kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, ndege hiyo imebeba nishati iliyozidi kwa karibu sehemu moja ya tano. Nishati hiyo lazima itoke kwenye injini ambayo nayo imepungua nguvu, na rubani akiamua kusitisha safari katikati ya njia, lazima imezwe na breki.

Msomaji makini atauliza hapa: mbona njia ya kurukia ya Dodoma ni ndefu, na ndege za abiria za Air Tanzania, pamoja na Airbus A220, hutua na kuruka pale bila shida? Ni kweli. Caravan haitakosa lami ya kukimbilia Dodoma hata jua liwe la namna gani. Ugumu wa safari ya kukodi upo sehemu mbili nyingine ambazo abiria hazioni akiwa amesimama kwenye lango la kuondokea.

Ya kwanza ni kule aendako. Kiwanja cha hifadhini ni ukanda wa changarawe au udongo ulioshindiliwa, mfupi kuliko lami ya mjini, wenye miti mwishoni na pengine kundi la swala katikati. Ndege ikitua huko saa tisa alasiri, itapaswa pia kuondoka huko katika joto hilohilo, na changarawe laini huyashika magurudumu na kurefusha mbio. Kwa hiyo rubani anayekataa mizigo pale Dodoma mara nyingi anapigia hesabu mruko wa pili, ambao abiria bado hajaufikiria.

Ya pili inahusu jeti na ndege nyingine za injini mbili, zile ambazo watu wenye nafasi huzikodi kwenda Dar es Salaam au Nairobi. Kwa ndege hizi swali kubwa huwa ni je, injini moja ikizimika mara tu baada ya magurudumu kuacha ardhi, iliyobaki itaweza kuipandisha ndege? Kanuni za uidhinishaji wa ndege za jeti za usafirishaji zenye injini mbili zinadai kwamba, magurudumu yakishakunjwa, ndege ipande kwa injini moja kwa mwinamo usiopungua asilimia 2.4, yaani mita 24 kwa kila mita 1,000 za mbele. Njia ya kurukia ingekuwa na urefu wa kilomita 10, bado ndege nzito katika hewa nyepesi ingeweza kushindwa mtihani huo. Uwanja mpya wa kimataifa wa Msalato, nje kidogo ya jiji, umepangiwa njia ya kurukia ya mita 3,600, na hiyo ni nafuu kubwa kwa ndege kubwa. Hata hivyo uko juu ya uwanda uleule, chini ya jua lilelile, na hesabu ya kupanda kwa injini moja haitabadilika kwa sababu ya lami.

Ukitaka kuona hesabu hizi zinavyofanyika, mwangalie rubani wa kampuni ndogo nusu saa kabla ya safari. Katika shirika kubwa la ndege kuna watu wa mizigo, watu wa mipango ya safari na watu wa hali ya hewa. Katika kampuni ya ndege chache, sehemu kubwa ya kazi hizo huishia mikononi mwa mtu mmoja mwenye shati jeupe na mistari mabegani. Amekwishachukua taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, amekwishapeleka mpango wa safari kwa waongoza ndege, na amekinga mafuta kidogo kutoka chini ya bawa kwenye kichupa cha kioo ili aone kama yana maji. Kisha anauweka mzani chini. Kila begi linapita, na katika ndege ndogo hata abiria hupanda, jambo linalowaudhi baadhi ya watu wazima wenye heshima zao. Anaandika namba moja moja, anajumlisha, halafu anafungua kitabu cha ndege kwenye ukurasa wa chati. Kidole kinaanzia kwenye joto chini ya ukurasa, kinapanda hadi mstari wa mwinuko wa uwanja, kinavuka kulia hadi kwenye uzito, kinasahihishwa kwa upepo, na kinaishia kwenye umbali wa mita unaohitajika. Siku hizi wengi huifanya kazi hii kwenye kishikwambi, lakini njia ya kidole ni ileile.

Jibu likizidi kile kilichopo, ana vitu vitatu tu vya kupunguza: watu, mizigo au mafuta. Mafuta ndiyo yanayoshawishi zaidi, kwa kuwa hayana mdomo wa kulalamika. Caravan hunywa lita 190 hivi kwa saa, na lita moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa kama kilo 0.8, kwa hiyo saa moja ya safari ni karibu kilo 150, uzito wa abiria wawili. Lakini mafuta nayo yana sakafu yake. Lazima yatoshe safari yenyewe, yatoshe kwenda kiwanja mbadala pale panapohitajika, na kwa injini za aina hii yabaki ya dakika 30 angani ambayo rubani hapangi kuyagusa kabisa. Ukishaondoa hayo, kinachobaki cha kuchezea ni kidogo, na macho yanarudi kwenye masanduku.

Hapo ndipo mazungumzo magumu huanza. Abiria wa ndege ya kukodi ndiye mteja mwenyewe, mara nyingi ni mkubwa kuliko rubani kwa umri na kwa cheo, na ataketi hatua mbili nyuma yake safari nzima. "Kapteni, jana mwenzako alitubeba sote." "Ni kweli, Mheshimiwa, ila mliondoka saa moja." Kwa maoni yangu, dakika hizo tano kando ya mzani ni ngumu kuliko kutua kwenye upepo wa ubavuni, na kijana aliyemaliza chuo na saa zake 200 za kuruka za kupatia leseni ya rubani wa kibiashara hajafundishwa sana namna ya kuzipita. Kinachomsaidia ni kwamba kanuni za kimataifa chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 zinampa rubani kiongozi neno la mwisho kuhusu ndege anayoiongoza. Mteja anaweza kuchagua kampuni nyingine kesho, lakini hawezi kumwamuru aliyepo leo.

Asubuhi ina faida nyingine inayohusu matumbo zaidi kuliko mabawa. Kuanzia kama saa tano, ardhi ya Dodoma yenye majani machache hupata moto bila usawa, mwamba hapa, shamba la zabibu pale, na nguzo za hewa moto huanza kupanda. Ukiwa chini unaziona kama kisulisuli kinachozungusha vumbi kiwanjani, na ukiwa ndani ya ndege ndogo unazihisi kama barabara mbovu. Kati ya Desemba na Aprili nguzo hizohizo hukua alasiri zikawa mawingu ya radi, ambayo hakuna rubani mwenye akili anayeyaingia na ambayo kuyazunguka kunakula yale mafuta tuliyoyapima kwa shida. Waliopanga ratiba ya nchi walitenda wema pasipo kukusudia, kwani Bunge la bajeti, linaloleta wasafiri wengi Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni, huangukia wakati mvua zinapokwisha na hewa inapopoa. Upepo wa mashariki unaovuma kwa nguvu katika miezi ya kipupwe nao husaidia, maana ndege inayoruka ikiuelekea upepo hufupisha mbio zake.

Je, jioni haifai? Kwa safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam inafaa, na abiria aliyechelewa asubuhi hupangiwa saa kumi na moja, joto linapoanza kulegea. Kwa safari ya hifadhini haifai, kwa sababu viwanja vya changarawe havina taa, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na rubani anahitaji mwanga wa kutua na akiba ya mwanga endapo atakuta tembo wamesimama kwenye njia na akalazimika kugeuza kurudi.