Isotopi thabiti za maji: maabara hupima nini hasa?

Maji ya visima vya Makutupora na ya bwawa la Hombolo, yote ya Dodoma, ni H2O ileile, ila atomi zake hazilingani uzito. Oksijeni nyingi ni ya uzito wa 16. Karibu atomi 2 katika kila 1,000 ni za uzito wa 18 (oksijeni-18), kwa kuwa zina nyutroni mbili zaidi. Hizo ni isotopi, na huitwa thabiti kwa sababu hazitoi mionzi.

Jua likilipiga bwawa, maji mepesi hutangulia kupaa na mazito hubaki. Maji ya mvua yaliyozama ardhini upesi hutunza alama ya mvua iliyoyaleta, na kwa kawaida mvua kubwa huwa na isotopi nzito chache zaidi. Ndiyo maana kipimo hiki kinamfaa sana anayetaka kujua kisima kinajazwa na mvua moja kwa moja au na bwawa linalovuja.

Maabara haihesabu atomi. Hulinganisha sampuli na maji ya rejea ya kimataifa, VSMOW, na tofauti huandikwa kwa elfu: −5 ya oksijeni-18 ni upungufu wa 5 kwa elfu. Spektromita ya leza, mashine inayopima kwa mwanga, hudungwa takriban mikrolita 1, mara sita hivi, na majibu ya mwanzo hutupwa kwa kuwa mabaki ya sampuli iliyotangulia bado yamo ndani. Maji ya chumvi huiziba sindano. Ioshwe mara kwa mara.

Kazi nyingi huharibikia kwenye chupa, kabla ya kufika maabara. Pampu ivute kwanza mpaka jotoridi la maji litulie. Chupa ya mililita 30 yenye kifuniko kinachobana ijazwe pomoni, isibaki hewa, wala isitiwe asidi. Ikilegea kifuniko na kukaa kwenye gari juani, maji hupungua humo humo, na mashine itasoma kwa usahihi maji ambayo si ya kisima tena.

Kwenye grafu, mvua za dunia hufuata mstari alioutangaza mwanajiokemia Harmon Craig mwaka 1961, unaohusisha pia haidrojeni-2, yaani haidrojeni nzito: haidrojeni-2 = 8 × oksijeni-18 + 10. Maji yaliyopoteza mvuke huangukia chini yake, yawe ya bwawani au ya chupa iliyovuja, na grafu peke yake haitenganishi hayo mawili. Kwa hiyo kila kisima kichukuliwe chupa mbili. Zikitofautiana kwa oksijeni-18 zaidi ya 0.2 kwa elfu hivi, kuna iliyoharibika, rudi kisimani.