Eti bibi wa miaka tisini hawezi mambo mapya?

Husemwa kwamba mtu akishazeeka sana, mambo mapya hayamwingii tena. Ndiyo maana bibi akihangaika na simu tunampokonya na kumalizia wenyewe. Ukiyatazama maisha yake, dai hilo halisimami.

Chukua mwanamke aliyezaliwa kijijini Tanganyika mwaka 1935. Utotoni alitumwa chumvi na senti zenye tundu katikati, za enzi ya Mwingereza. Uhuru ukaja Desemba 1961, Muungano Aprili 1964, na 1966 ikatoka shilingi ya Tanzania. Ratili na maili akaziacha, akashika kilo na kilomita. Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970: wengi wa rika lake, wakiwa na watoto mgongoni, waliamriwa kuacha miembe na makaburi ya wazazi wao wakaanze upya kwenye kijiji cha ujamaa. Wakajenga, wakalima, na jioni wakaingia darasa la kisomo kujifunza a-e-i-o-u. Bado vita vya Kagera, foleni za sukari na sabuni, vyama vingi 1992. Aliyepita huko hatishwi na kutuma pesa kwa simu.

Mara nyingi kinachomkwamisha ni macho na vidole: mtoto wa jicho, maungo yanayouma, maandishi madogo, menyu inayofunga kabla hajamaliza kuisoma. Miwani na herufi kubwa humsaidia kuliko kumpokonya. (Wajukuu wanaoijua namba yake ya siri ni tatizo jingine, tena kubwa zaidi.)