Kiongozi Achukue Hatua Lini?

Katika kazi yangu ya kuwashauri wakuu wa idara na mameneja wapya, swali ninaloulizwa kuliko yote linahusu wakati: nitajuaje kwamba sasa ndiyo saa ya kuingilia kati? Anayeuliza kwa kawaida huwa ameshajua la kufanya. Anachokosa ni ujasiri wa kulifanya, na anatumaini kwamba taarifa moja zaidi au kikao kimoja zaidi kitampa ujasiri huo.

Nalifahamu tumaini hilo kwa sababu limewahi kunigharimu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na msimamizi hodari wa kazi, ila mwenye tabia ya kuwadhalilisha walio chini yake mbele ya wenzao. Malalamiko ya kwanza yalinifikia mapema, nami nikaomba yaandikwe. Yalipoandikwa, nikaomba maelezo ya upande wa pili, jambo ambalo ni haki ya kila anayelalamikiwa. Kisha nikaomba tathmini ya robo mwaka, halafu nikasubiri bajeti ipite, na katika kusubiri huko wafanyakazi watatu niliowategemea wakaacha kazi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akinipa sababu ya kistaarabu. Hatimaye nilipomwondoa msimamizi yule, nilipitia upya jalada lote na kukuta kwamba tangu maelezo ya upande wa pili halikuingia humo jambo jipya hata moja. Karatasi ziliongezeka tu, nami nilizihesabu kuwa ni ushahidi.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia kwamba anasubiri, namtaka anijibu mambo matatu: ni habari gani hasa unayoisubiri, itafika lini, na ikifika itabadilisha nini katika uamuzi wako? Asipoweza kuyajibu, basi anaahirisha tu. Tuna methali ya kuikemea haraka na nyingine ya kukikemea kingojangoja, na nimeona viongozi wakichagua ile inayotetea lile ambalo tayari wamelipendelea moyoni.

Mfano ninaoupenda wa kusubiri kwenye maana ni wa Juni 1944. Dwight Eisenhower, aliyeongoza majeshi ya mataifa washirika barani Ulaya, alikuwa amepanga uvamizi wa Normandy, pwani ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, uanze tarehe 5. Mtaalamu wake mkuu wa hali ya hewa, James Stagg, alionya kwamba dhoruba inakuja, na Eisenhower akaahirisha kwa saa 24. Alijua anachokisubiri, ambacho ni utabiri unaofuata, na alijua pia mwisho wa subira yake, kwa kuwa kina cha maji na mwanga wa mwezi viliruhusu siku chache tu, na nafasi nyingine yenye maji yanayofaa ingekuja baada ya takriban wiki mbili. Usiku wa tarehe 4 Stagg alipoeleza kwamba dhoruba itapoa kwa muda mfupi, baadhi ya makamanda walikuwa bado na mashaka na bahari haikuwa shwari, lakini amri ilitolewa ya kuvuka tarehe 6. Kuanzia tarehe 19, ambayo ingekuwa miongoni mwa siku za nafasi ile ya pili, dhoruba kali iliupiga mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, ambao majeshi yalipaswa kuuvuka, kwa siku kadhaa. Simsifu kwa hilo, maana hakuna aliyelijua wakati ule. Ninachomsifia ni kwamba aliahirisha kwa sababu iliyotajwa na kwa muda uliopimwa, kisha akaandika mapema kijikaratasi cha kubeba lawama peke yake iwapo uvamizi ungeshindwa. (Tarehe aliyoiweka ni 5 Julai badala ya 5 Juni, kosa linaloonyesha jinsi alivyokuwa amechoka.)

Kipimo cha pili ni kama jambo linaweza kurudishwa nyuma. Ratiba ya kazi iliyobadilishwa leo inaweza kurejeshwa mwezi ujao, kwa hiyo haistahili mjadala wa wiki tatu. Kumwachisha mtu kazi hakurudishiki kwa urahisi, hivyo kunastahili subira. Viongozi wengi husahau kwamba kutotenda nako huleta hasara isiyorudishika: wale wafanyakazi wangu watatu hawakurudi.

Hata hivyo, shinikizo la kutenda laweza kuwa hatari kuliko woga. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za Challenger, chombo cha anga cha Marekani, walishauri kwa simu kwamba kisirushwe katika baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi, kwa kuwa pete za mpira zilizoziba viungo vya roketi zingeweza kushindwa kazi yake. Mmoja wao aliieleza baadaye tume ya uchunguzi kwamba mzigo wa ushahidi ulikuwa umegeuzwa: badala ya kutakiwa wathibitishe kwamba ni salama kuruka, walitakiwa wathibitishe kwamba si salama. Wakuu wa kampuni waliuondoa ushauri huo, na kesho yake chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, wanaanga wote saba wakafa. Nikikaa katika kikao cha uamuzi mzito, husikiliza kwanza ni nani anayetakiwa kuthibitisha nini.

Kuna pia yule kiongozi mwenye mkono mwepesi, anayeingilia kila jambo kabla aliyekabidhiwa hajapata nafasi ya kulitatua. Kwake huuliza swali moja tu: aliye karibu na tatizo akikosea, madhara yatamfikia nani? Yakiwa ni ya kusawazishwa ndani ya timu, amwache. Yakimfikia mgonjwa, abiria au mteja asiyejua lolote, aingie mara moja, hata kama itamuudhi msaidizi wake.

Mimi mwenyewe bado huchelewa. Ninachofanya sasa ni kuandika, kila ninapoahirisha jambo, ninachokisubiri na tarehe ya mwisho, kisha namkabidhi msaidizi wangu nakala. Tarehe ikifika huja mlangoni na karatasi ile mkononi, haketi, na mara mbili mwaka huu nimelazimika kukiri mbele yake kwamba sikuwa nikisubiri chochote.