SEO ni nini, na mwenye tovuti aanzie wapi

SEO (kifupi cha Kiingereza cha Search Engine Optimization) ni kazi ya kuiweka tovuti katika hali ambayo injini za utafutaji kama Google na Bing zinaweza kuifikia, kuelewa kilichoandikwa ndani yake, na kuiona inafaa kuonyeshwa kwa mtu anayetafuta jambo hilo. Inahusu matokeo ya kawaida, yale yasiyolipiwa. Matangazo yanayokaa juu ya matokeo ni biashara nyingine: ukiacha kulipa yanaondoka, na Google inasema wazi kwamba kulipia matangazo hakukupandishi kwenye matokeo ya kawaida.

Wenye tovuti wengi huanzia mwisho. Swali lao la kwanza ni "Nitakuwaje wa kwanza?", ilhali Google bado haijui kama tovuti yao ipo. Ndiyo maana naona njia nzuri ya kuielewa SEO ni kufuata safari ya ukurasa mmoja, tangu unapowekwa hewani hadi unapomfikia mtafutaji. Kila hatua ina mahali pake pa kukwama, na dawa ya hatua moja haiponyi nyingine.

Safari ya ukurasa

Kwanza ukurasa hutembelewa. Google ina roboti iitwayo Googlebot, Bing ina Bingbot. Hizi ni programu zinazopita kwenye intaneti usiku na mchana zikifuata viungo, kutoka ukurasa huu hadi ule. Ukurasa ambao hakuna kiungo hata kimoja kinachouelekea ni yatima, na roboti huenda isiufikie kabisa. Ramani ya tovuti, yaani faili inayoorodhesha anwani za kurasa zako, husaidia hapo. Faili moja inaruhusiwa kubeba hadi anwani 50,000, kiasi ambacho tovuti nyingi hazitakikaribia.

Pili, ukurasa husomwa na kuingizwa kwenye faharasa. Mtu anapouliza jambo, injini haianzi kuzunguka intaneti wakati ule. Inafungua faharasa iliyokwisha kuandaa, kama msomaji anavyofungua faharasa mwishoni mwa kitabu kinene ili ajue neno liko ukurasa gani. Usipokuwamo humo, kwa mtafutaji haupo. Na kutembelewa si kuingizwa. Kurasa nyingi huachwa nje kwa sababu zimefanana mno na nyingine, au hazina kitu cha maana, au mwenye tovuti mwenyewe amezizuia pasipo kujua.

Tatu ndipo unapokuja upangaji. Injini hupima kurasa zilizomo kwenye faharasa dhidi ya maneno ya mtafutaji, lugha yake, mahali alipo na ishara nyingine nyingi, kisha huamua upi utangulie. Kwa hiyo nafasi si cheo cha tovuti nzima. Ukurasa uleule unaweza kuwa wa tatu kwa swali moja na wa themanini kwa swali jingine, na watu wawili wakiuliza jambo moja wanaweza kuona mpangilio tofauti.

Kujua umekwama hatua gani hakuhitaji mtaalamu. Andika site: kwenye Google, ufuatishe anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi, utaona baadhi ya kurasa zako inazozifahamu. Njia ya uhakika zaidi ni Google Search Console, ambayo ni ya bure. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako, kwa mfano kwa kuongeza rekodi kwenye DNS (mfumo unaoliunganisha jina la tovuti na seva yake) ya kikoa chako, halafu unaweka anwani ya ukurasa wowote na kuambiwa kama umo kwenye faharasa, na kama haumo, kwa nini. Bing nayo ina Bing Webmaster Tools. Ningependa kila mwenye tovuti afungue akaunti hizi mbili kabla hajasoma ushauri mwingine wowote, kwa sababu bila hizo anakisia tu.

Roboti inapofungiwa mlango

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tovuti nzuri hupotea kimyakimya. Mwaka 1994 Martijn Koster alipendekeza utaratibu wa faili ndogo ya maandishi, robots.txt, inayowekwa kwenye mzizi wa tovuti ili kuziambia roboti wapi zipite na wapi zisipite. Kwa miaka mingi ulifuatwa kwa makubaliano tu, hadi ulipochapishwa kama waraka rasmi wa intaneti, RFC 9309, mwaka 2022. Mistari miwili inatosha kuifunga tovuti nzima:

User-agent: *
Disallow: /

Nyota ni roboti zote. Mkwaju (/) uliosimama peke yake ni kila kitu kuanzia mzizi kwenda chini. Mafundi huweka mistari hii tovuti inapojengwa, na ni jambo la busara, ila siku ya uzinduzi faili hubaki vilevile. Kwenye WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, tatizo hilohilo lina sura ya kisanduku kidogo katika mipangilio ya Kusoma, kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Kikibaki na tiki, kila ukurasa hubeba agizo liitwalo noindex, na unaweza kuandika makala nzuri mwaka mzima zisionekane popote.

Robots.txt na noindex huchanganywa mara nyingi, na mchanganyiko huo una madhara. Robots.txt huizuia roboti kuusoma ukurasa. Noindex huiruhusu iusome, kisha huiambia isiuweke kwenye faharasa. Sasa fikiria mtu anayetaka ukurasa fulani uondoke kwenye matokeo. Anaweka noindex, na kwa kutaka uhakika zaidi anaufunga pia kwa robots.txt. Roboti ikifika inakuta imekatazwa kuingia, kwa hiyo hailioni lile agizo la noindex lililoko ndani. Kama kuna tovuti nyingine zinazouelekea ukurasa huo kwa viungo, anwani yake inaweza kuendelea kuonekana kwenye matokeo, bila maelezo chini yake. Ukitaka ukurasa utoke, weka noindex na uiache roboti iingie iisome.

Na hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicho ulinzi. Faili ya robots.txt inasomeka na mtu yeyote, hivyo kuorodhesha humo folda za siri ni kuwaonyesha watu zilipo. Mambo ya faragha yanahitaji nywila.

Maneno ya mtafutaji

Mlango ukiwa wazi, kazi kubwa inayobaki ni ya uandishi. Chukua tovuti ya fundi wa baiskeli. Kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana juu ya kichupo cha kivinjari na mara nyingi ndicho maandishi makubwa kwenye matokeo, kinasema "Karibu – Nyumbani". Ndani kumeandikwa kwamba wanatoa huduma bora za matengenezo ya mifumo ya usimamishaji. Lakini mtu aliyekwama na baiskeli yake anaandika "breki za baiskeli zinapiga kelele". Katika maneno yake hakuna hata moja lililomo kwenye ukurasa ule. Injini za leo zinaelewa maana na visawe kuliko zamani, ila hazipaswi kuachiwa kazi ya kukisia.

Fundi huyo akiandika ukurasa wenye kichwa "Breki za baiskeli zinapiga kelele: sababu na namna ya kurekebisha", kisha akaeleza pedi zilizoingia mafuta, pedi zilizokwisha na diski iliyopinda, na jinsi ya kutambua kila moja, ameshafanya sehemu kubwa ya SEO ya ukurasa huo. Jambo moja kwa ukurasa mmoja. Kila ukurasa na kichwa chake, kisichofanana na cha mwingine. Maelezo mafupi yanayoonekana chini ya kichwa kwenye matokeo hayampandishi mtu nafasi, lakini ndiyo yanayomfanya msomaji abofye wewe badala ya jirani, basi yaandike kwa kumfikiria yeye. Google wakati mwingine hubadilisha kichwa au maelezo hayo ikiona ya kwako hayaendani na ukurasa.

Maneno hayo utayapata wapi? Kwa wateja wenyewe: kwenye ujumbe wanaotuma na maswali wanayorudia kwenye simu. Na baada ya muda Search Console itakuonyesha maneno halisi yaliyowaleta.

Usirundike maneno. Kurudia "breki za baiskeli" katika kila sentensi humchosha msomaji, na injini zilishajifunza kuugundua mchezo huo, sawa na ule wa kuficha maandishi meupe kwenye mandhari nyeupe. Kuna pia lebo ya zamani ya maneno muhimu, inayokaa kwenye msimbo wa ukurasa mahali msomaji haoni. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo, na bado wapo wanaouza huduma ya kuijaza.

Kuhusu maandishi yanayotengenezwa na akili unde, kanuni ya Google ya Machi 2024 inalenga uzalishaji wa kurasa kwa wingi kwa nia ya kucheza na matokeo, ziwe zimeandikwa na mashine au na watu. Kifaa ulichotumia si hoja. Hoja ni kama ukurasa una kitu ambacho msomaji hakipati kwenye kurasa nyingine mia zinazofanana nao. Nami nadhani hapo fundi wa kweli ana nguvu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ameishika ile diski iliyopinda kwa mikono yake.

Viungo

Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Stanford, waliijenga Google ya mwaka 1998 juu ya wazo kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni aina ya kura, na kwamba kura ya ukurasa wenye heshima ina uzito kuliko ya ukurasa usiojulikana. Wazo hilo waliliita PageRank. Leo ishara ni nyingi zaidi, lakini viungo bado vinahesabika, na ndiyo maana kuna soko la kuviuza.

Usinunue. Kununua viungo ili upande ni kuvunja kanuni za Google, na mabadiliko yaliyoitwa Penguin, ya mwaka 2012, yaliangusha tovuti nyingi zilizokuwa zimepanda kwa njia hiyo. Kiungo kilicholipiwa kihalali, kama cha udhamini, huwekewa alama ya sponsored au nofollow ili kisihesabiwe kama kura. Viungo vyema huja kwa kuwa na kitu kinachostahili kutajwa, na huja polepole.

Wakati huohuo kuna viungo ambavyo viko mikononi mwako na watu huvisahau: vya ndani ya tovuti yako. Ukurasa wa breki uelekeze kwenye ukurasa wa pedi, na kwa maneno yanayosema kilichoko huko. "Namna ya kubadilisha pedi za breki" inamwambia msomaji na roboti kitu. "Bofya hapa" haimwambii yeyote chochote.

Simu, kasi na kuhama

Google huisoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu. Mabadiliko hayo kutoka toleo la kompyuta yalitangazwa 2016 na kukamilishwa 2023. Maandishi yaliyoondolewa kwenye toleo la simu ili kupunguza msongamano hayahesabiwi, hata kama kwenye kompyuta yapo. Kuhusu kasi, kipimo kizuri ni kwamba kitu kikubwa kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Mara nyingi mkosaji ni picha iliyopakiwa ikiwa na ukubwa uleule iliotoka nao kwenye kamera. HTTPS, yaani muunganisho uliosimbwa kati ya msomaji na tovuti, ni lazima kwa usalama wa wasomaji, na tangu 2014 ni ishara ndogo ya upangaji pia.

Linalonisikitisha zaidi ni tovuti zinazojengwa upya na kubadilishiwa anwani zote bila kuelekeza za zamani kwenda mpya. Ukurasa uliokusanya viungo kwa miaka kumi hugeuka 404, yaani ukurasa usiopatikana, kwa usiku mmoja. Dawa yake ni agizo la 301, ambalo seva hulitumia kukiambia kivinjari na roboti kwamba ukurasa umehama kwa kudumu na sasa uko anwani fulani. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo, siyo zote kutupwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Tengeneza orodha hiyo kabla ya kazi kuanza, maana baada ya hapo anwani za zamani ni vigumu kuzikusanya.

Kusoma matokeo, na kuajiri mtu

Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16: umeonekana mara ngapi, umebofywa mara ngapi, kwa maneno gani, na kwa wastani wa nafasi ya ngapi. Ukurasa unaoonekana mara nyingi lakini haubofywi, anza na kichwa chake. Ukurasa unaoonekana kwa maneno ambayo hukuyakusudia unakuonyesha makala inayofuata ya kuandika. Na uwe na subira. Mabadiliko mengine huonekana baada ya saa chache, mengine baada ya miezi kadhaa, hivyo usibadilishe mambo kumi wiki moja halafu ukashindwa kujua lipi lilifanya kazi.

Ukimwajiri mtu akufanyie, muulize atabadilisha nini, kwenye kurasa zipi, na kwa nini. Akikuahidi nafasi ya kwanza, mwache. Google yenyewe inaonya kwamba hakuna anayeweza kuihakikisha. Anayekubalika, mpe ruhusa ya mtumiaji ndani ya Search Console, lakini umiliki wa akaunti, wa kikoa na wa seva ubaki kwa jina lako. Siku mkataba unapoisha, mwondolee ruhusa hiyo, na ufute pia alama ya uthibitisho aliyoiweka kwenye tovuti, kwa sababu ikibaki anaweza kujirudishia umiliki.