Hivi kwa siku tunywe maji kiasi gani? Maswali na majibu

Eti lazima glasi nane kila siku?
Hapana, hakuna sheria hiyo. Wengi wanaihusisha na bodi ya lishe ya Marekani, mwaka 1945 ilisema mtu mzima anahitaji kama lita 2.5 za maji kwa siku, ila hapohapo ikasema sehemu kubwa ya hayo maji tayari yamo kwenye chakula, na hicho kipande cha pili ndo watu wamekiruka. Mamlaka ya chakula ya Ulaya mwaka 2010 ikasema lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanaume, nayo ni jumla, chakula na vinywaji pamoja. Kwahiyo uji wako, mchuzi wa maharage, tikiti, hata chai ya asubuhi vyote vinahesabika, ukiwa unapiga zege juani utahitaji zaidi ya huyo wa ofisini kwenye AC.

Sasa ntajuaje yametosha?
Kiu isikilize, na angalia mkojo. Njano iliyopauka uko vizuri, ukiwa kama chai ya rangi kunywa maji. Wa asubuhi huwa umekolea kidogo hiyo kawaida, na wanaotumia dawa za TB unakuwa wa machungwa sababu ya dawa, wasishtuke.

Nauza mboga sokoni, choo kiko mbali na cha kulipia, sinywi maji mpaka nirudi nyumbani. Kuna shida?
Ipo dada yangu, na hili linaniuma kwa sababu wanawake wengi sana wanaishi hivi. Kichwa kinagonga jioni, choo kigumu, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) zinajirudia, na wengine mawe kwenye figo, na kubana mkojo kutwa nzima nako hakusaidii. Kunywa glasi moja au mbili kabla hujatoka, halafu chupa iwe chini ya meza unakunywa kidogokidogo, choo nenda hata kama ni hela, mwachie jirani meza dakika tano. Na uongozi wa soko uulizwe kwenye kikao choo cha karibu kinajengwa lini, maana mnalipa ushuru kila siku.

Nikinywa mengi sana je?
Yanaweza kukuua kabisa. Figo zenye afya zinatoa kama lita moja kwa saa, mtu akibugia lita nne kwa mkupuo eti anasafisha mwili, chumvi kwenye damu inashuka, anatapika, anachanganyikiwa, mpaka degedege. Marathon ya Boston mwaka 2002 wakimbiaji walipimwa damu mwishoni na asilimia 13 walikuwa na sodiamu (ndo hiyo chumvi ya kwenye damu) ya chini, hasa waliokunywa sana njiani.

Mtoto wa miezi mitatu, joto hili, nimpe maji?
Usimpe mama, hata kijiko. Maziwa yako zaidi ya asilimia 80 ni maji, we mnyonyeshe mara nyingi zaidi mpaka afike miezi sita.

Mgonjwa wa moyo au figo?
Huyo anafuata kipimo alichopewa na daktari wake, wengine wanatakiwa wapunguze kabisa, msimlazimishe kunywa.

Na ukiharisha?
Maji matupu hayatoshi, chukua ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwenye kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, nyingi ni lita moja, usiigawe nusunusu, na ikifika saa 24 mwaga utengeneze nyingine. Mtoto akilegea, macho yakaingia ndani au hakojoi, mkimbize kituo cha afya huku unaendelea kumnywesha njiani.