"Ina Traki Ngapi?" na Dhana Nyingine Zinazowapotosha Wanunuzi wa Rekoda ya Kwanza

Mtu anayetafuta rekoda yake ya kwanza ya traki nyingi, yaani mashine inayorekodi kila ala au sauti kwenye njia yake (traki) ili zisikike pamoja baadaye, huingia dukani na swali moja: "Ina traki ngapi?" Muuzaji anafurahi, maana jibu limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. 8, 16, 24. Mnunuzi anapiga hesabu ya harakaharaka kwamba yenye nyingi ndiyo bora, anatoa pesa, anarudi nyumbani. Wiki ya kwanza anagundua kwamba alichokuwa akikihitaji hakikuandikwa juu ya boksi.

"Traki nyingi ndiyo mashine bora"

Kila rekoda ya aina hii ina namba mbili. Ya kwanza ni traki zinazoweza kusikika pamoja wimbo ukishakamilika. Ya pili, ambayo huwa imejificha kwenye maelezo ya ndani, ni traki unazoweza kurekodi kwa mpigo mmoja. Tascam DP-008EX ina traki 8 lakini hurekodi 2 tu kwa mpigo. Zoom R16 ina 16, hurekodi 8. Tascam DP-24SD inatangazwa kuwa ya traki 24, nayo hurekodi 8 vilevile. Tena ukizihesabu vizuri, 12 ndizo za mono na zilizobaki zimefungwa mbilimbili kuwa jozi 6 za stirio.

Kwa hiyo jiulize kwanza: watu wangapi watakuwa wanapiga mbele yako kwa wakati mmoja? Kama ni wewe na gitaa lako usiku, watoto wameshalala, matundu 2 ya kuchomekea maiki au ala yanatosha kabisa. Utaweka ridhimu, kisha besi juu yake, kisha solo, kisha sauti, kila moja kwa zamu yake. Hata ukipewa mashine yenye matundu 8, 6 yatakaa bure huku umeyalipia.

Kundi lenye mpiga dramu ni habari nyingine. Dramu peke yake ikitaka kurekodiwa kwa heshima hula maiki 4: moja ya teke (dramu kubwa ya mguu), moja ya snea na mbili za juu. Ongeza besi, gitaa na mwimbaji, umefika 7. Hapo mashine ya matundu 2 itakutesa, hata iandikwe traki 32.

Lakini hata hapo kuna njia ya mkato ya zamani. Redio Tanzania Dar es Salaam ilipokuwa ikirekodi bendi za dansi miaka ya 1970, bendi ilipiga pamoja, wimbo mzima toka mwanzo hadi mwisho. Uchangamfu wa zile rekodi unatokana kwa sehemu kubwa na wapigaji kutazamana machoni. Ukiwa na matundu 2 na maiki 2 nzuri bado unaweza kufanya hivyo: mwimbaji asogee mbele, gitaa hatua moja nyuma yake, tarumbeta zirudi nyuma zaidi, dramu iende kule ukutani. Rekodi dakika moja, sikiliza, sogeza watu, rekodi tena. Mizani ya sauti unaitengeneza kwa miguu. Hasara yake ni moja tu, nayo ni kubwa: ukishamaliza, huwezi tena kumpandisha mpiga besi peke yake.

"Traki 4 ni za kuchezea"

TEAC, kampuni mama ya Tascam, walipotoa Portastudio 144 mwaka 1979, ilikuwa rekoda ya kwanza ya traki 4 iliyotumia kaseti za kawaida. Kaseti ya kusikilizia muziki hutumia traki mbili upande A na mbili upande B. Portastudio ilizichukua zote nne kwa upande mmoja, na ikaizungusha kanda kwa kasi maradufu ili sauti iwe safi zaidi. Ndiyo maana kaseti ya dakika 60 ilikupa dakika 15 tu, na ukiigeuza ulisikia wimbo wako ukicheza kinyumenyume. Kwa mashine hiyo, Januari 1982, mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alirekodi nyumbani kwake New Jersey nyimbo alizokusudia ziwe mfano tu kwa bendi yake. Bendi ilipojaribu kuzipiga studio hazikufikia ile kaseti, na kaseti yenyewe ndiyo ikawa albamu ya Nebraska mwaka huohuo. Vifaa vyake vikuu vya kurekodia vilikuwa rekoda hiyo na maiki 2 za Shure SM57, zile zile unazoziona mbele ya amplifaya za gitaa kwenye kumbi.

Na traki 4 si lazima ziishie kuwa sehemu 4. Weka ridhimu traki ya 1, besi ya 2, manyanga ya 3. Zikikaa sawa, zibaunsi (yaani zirekodi upya kwa pamoja) zote tatu ziingie traki ya 4, kisha futa zile za mwanzo. Sasa una nafasi 3 tena. Weka solo kwenye 1 na vibwagizo kwenye 2, zibaunsi ziende 3. Zimebaki 1 na 2 kwa sauti kuu na ya pili yake. Jumla ni sehemu 7, na hujamaliza ujanja. Zoom R4 ya siku hizi imetengewa kabisa traki ya kubaunsia, juu ya zile 4 za kawaida.

Kwenye kaseti, kila kubaunsi kuliongeza mvumo wa kanda. Kwenye memori kadi mvumo huo haupo, ila kosa la uamuzi lipo palepale: besi uliyoiacha juu mno itabaki juu mno. Nakili mradi mzima kabla ya kubaunsi, ili ukijuta uwe na pa kurudi. Mimi naona huku kulazimishwa kuamua mapema kunamsaidia anayeanza. Mwenye traki 24 huahirisha kila uamuzi hadi siku ya kumiksi, na siku hiyo haifiki.

"Kompyuta na simu zimeshaziua hizi mashine"

Inategemea unafanya muziki gani. Kama unatengeneza biti kwenye kompyuta na kuingiza sauti juu yake, sikiliza ushauri wangu na usinunue rekoda. Nunua kadi ya sauti ya nje, maiki moja ya maana na hedifoni, utakuwa umemaliza. Rekoda ni ya wanaopiga ala kwa mikono na wanataka kubonyeza kitufe chekundu kabla wazo halijapoa.

Faida yake ya kweli ni muda. Kompyuta husoma sauti kwa mafungu. Fungu likiwa na sampuli (vipimo vya sauti) 512 kwa kHz 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, hapo tu pana milisekunde karibu 11 za kuingia na nyingine kama hizo za kutoka, na mpiga gitaa huanza kuhisi vidole vyake vinamtangulia. Yapo marekebisho, ila utajifunza ufundi wa kompyuta kabla ya kupiga noti moja. Rekoda hukurudishia sauti yako masikioni bila kuchelewa kunakohisika.

Kuhariri ni kinyume chake. Kukata pumzi ya mwimbaji kwenye kioo cha upana wa vidole viwili ni adhabu. Wengi huishia kurekodi kwenye rekoda na kumiksi kwenye kompyuta, kwa hiyo uliza faili zinatokaje. Zoom R16 huziacha kama faili za sauti za WAV ndani ya kadi, unazikopi tu. Familia ya Tascam DP hugawa kadi sehemu mbili, na ni lazima uzihamishe kwanza traki kwenda ile sehemu ambayo kompyuta inaiona. Na kila traki uirekodi kuanzia sekunde ya sifuri, hata kama sauti inaingia dakika ya pili. Ukizipanga kwenye kompyuta zitakaa mstari mmoja bila kuhangaika.

"Ya biti 32 haihitaji kupima sauti"

Hii imeingia na rekoda mpya zinazotumia biti 32 zenye desimali. Ni kweli kwamba faili ya namna hiyo ikionekana imepasuka unaweza kuishusha baadaye ikarudi nzima. Ila faili haiwezi kuokoa kilichoharibika kabla ya kuifikia. Maiki ya kondensa (ile inayohitaji umeme ili ifanye kazi) iliyozidiwa na mpiga tarumbeta itakwaruza tu, na mwimbaji aliyekaa mita mbili kutoka kwenye maiki atabaki na mwangwi wa chumba kizima.

Kwenye mashine za biti 24, acha vilele vya sauti vicheze kwenye desibeli 12 chini ya mwisho wa kipimo. Kusukuma mpaka taa nyekundu ilikuwa tabia ya enzi za kanda, ilipobidi kuufunika mvumo. Sasa nyekundu maana yake ni kurudia.

"Trei za mayai zinazuia kelele"

Studio ngapi za mtaani zimebandikwa trei ukuta mzima! Trei ni karatasi nyepesi. Hutawanya na kumeza kidogo sauti za juu, basi. Besi hupita, bodaboda hupita, muezini hupita, na chumba kikipata cheche kinawaka upesi. Na hakuna rekoda, ya bei yoyote, inayoondoa mwangwi uliokwisha kurekodiwa pamoja na sauti.

Kinachosaidia ni kitu kizito na laini: godoro, blanketi la baridi, kabati la nguo lililoachwa wazi. Wengi pia hulitundika blanketi mahali pasipo pake, nyuma ya maiki. Maiki nyingi za kuimbia husikia mbele na kupuuza nyuma, kwa hiyo ukuta unaoingia kwenye rekodi ni ule ulio mgongoni mwa mwimbaji. Tundika hapo. Feni izimwe, friji ichomolewe kwa muda, na kama paa ni bati, msimu wa masika utakupangia ratiba wewe.

Nyingine za harakaharaka

"Inatumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika sina wasiwasi." Utakuwa nao ukitumia maiki ya kondensa, kwa sababu zile volti 48 inazozihitaji hutoka kwenye betri hizohizo. Ukikwama gizani tumia maiki ya dainamiki, haihitaji umeme. Na ukiweka betri za kuchaji, ingia kwenye menyu uchague aina yake. Zina volti 1.2 na si 1.5, mashine isipojua itakudanganya kiasi kilichobaki.

"Maiki yangu ya USB nitaichomeka." Haitaingia kwenye tundu la XLR, lile la maiki la pini tatu, na adapta ya kubadilisha plagi tu haitaifanya kazi. Gitaa la umeme nalo litafute tundu lenye swichi ya Hi-Z, ile ya gitaa, la sivyo litasikika limefifia kama limefunikwa shuka. Galatoni, yaani gitaa kavu, lenye betri yake ndani halina shida hiyo.

"Hedifoni za blututhi zitatosha." Kwa kusikilizia kazi iliyokwisha, sawa. Kwa kurekodi zinachelewa kiasi cha kumtoa mwimbaji kwenye mdundo. Waya ni lazima, tena za kufunika sikio lote ili mdundo usivuje kuingia kwenye maiki.

"Nahitaji kadi kubwa kuliko zote." Traki moja ya biti 24 kwa kHz 48 hula karibu MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 8 ni kama MB 276, hivyo kadi ya GB 32 inabeba nyimbo zaidi ya 100. Na R16 haipokei zaidi ya GB 32 hata hivyo.

"Ya mtumba ni ya mtumba tu"

Rekoda ya mtumba inaweza kuwa mali, ila angalia inahifadhi kwenye nini. Boss BR-8 hutumia diski za Zip, Yamaha MD4 hutumia diski za MD Data. Mashine inaweza kuwa nzima na wewe ukahangaika mwaka mzima kutafuta diski. Za kaseti zina mikanda ya mpira inayolegea na vichwa vinavyolika. Inayotumia kadi ya SD ndiyo salama kwa anayeanza.

Nenda na kadi yako, hedifoni yako na maiki moja. Rekodi traki ya 1 ukihesabu moja hadi ishirini, kisha rekodi ya 2 ukiisikiliza ya 1. Zungusha kila kitufe cha sauti taratibu. Kikikwaruza kina vumbi, kikikata sauti kabisa kimekufa. Zima, washa, tazama kama kazi imebaki. Halafu soma maandishi ya chaja. Iliyotoka Marekani na kuandikwa 120V pekee usiichomeke ukutani, hata muuzaji aape kwamba ameijaribu asubuhi. Tafuta ya 100–240V yenye volti za kutoka, ampea na mpangilio wa plagi uleule wa ile ya zamani.